Usafi wa Nyumba ya Bwana Shemhilu

Bwana Shemhilu wa Lushoto, mwenye nyumba ya kukodisha kwa wageni, aliwatoza ada ya usafi na bado akataka waisafishe wenyewe. Asubuhi ya kuondoka alimkuta mgeni wake mmoja, Ziada, akideki sebule.

"Nikikuta doa, binti, ile amana yako ya elfu hamsini huioni."

"Sawa, baba. Ila sijui kama napatia." Ziada alikuwa akikanyaga pale pale alipokwisha deki.

"Watu hudeki wakirudi nyuma! Lete hapa!" Akampokonya dekio, akamaliza sebule nzima.

"Kumbe! Na shuka je?" Ziada alikuwa amezikunja kama chapati.

"Ebo! Tazama hivi."

"Na choo, nianze na kioo?"

"Toka, utaniharibia brashi!"

Saa nne nyumba iling'aa. Bwana Shemhilu, suruali imeloa magotini, hakupata doa la kumkatia, akarudisha amana.

"Sijui nani atakuoa wewe," alisema akihema.

Ziada alipofika getini, simu yake iliita.

"Mwalimu, wanafunzi wa usafi wa hoteli wanakusubiri darasani."

"Nakuja," alijibu. "Nilikuwa nasimamia mtihani wa vitendo huku. Amefaulu, ila shuka arudie."