Nafasi ya Ndugu Mmoja

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Anayetaka kucheka acheke mapema, maana hadithi hii inaanza na kicheko na mwisho wake sijauona. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nimerudi nyumbani na hasira. Leo nawaletea ninyi, labda mna akili kunishinda.

Palikuwa na mji uitwao Lukindo, mji wa miwa na kiwanda cha sukari. Huko kila mfanyakazi hupewa kilo tano za sukari mwisho wa mwezi abebe nyumbani, na mgeni akinywa chai isiyonata midomoni huondoka akisema amenyimwa. Mpishi wa kantini ya kiwanda aliitwa Sikudhani. Hakuwa na mume wala mtoto, na wazazi walikwisha tangulia. Kwa miaka kumi na minane yeye ndiye aliyekoroga chai ya watu mia nne.

Mtaani kwake walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwajabu, fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kipaji chake kilikuwa pua. Maziwa yatakayochacha kesho, yeye aliyanusa leo. Akipita mlangoni pako alijua umeunguza nini, na wengine walisema alijua hata umemficha nani.

Wa pili ni Masunga, mkata miwa aliyehamia kutoka Usukumani. Kipaji chake kilikuwa miguu. Wakati wa masika, mzigo uliopewa Masunga ulifika kabla ya ule uliopewa pikipiki, kwa sababu pikipiki huogopa tope na yeye alikuwa haliogopi.

Wa tatu ni Sadala, mpiga tarumbeta wa harusini. Kipaji chake kilikuwa pumzi. Aliweza kushika sauti moja tangu bibi harusi ashuke garini mpaka aketi kitini, huku wapiga ngoma wakimtazama kwa wasiwasi wasije wakamwokota.

Sasa, serikali iliona watu wanakwisha kwa kisukari, presha, figo na mapafu, ikamtuma bwana afya na mabango. Punguza sukari. Punguza chumvi. Fanya mazoezi. Acha sigara, hata ile ya mvuke. Ni maneno mazuri, sina ugomvi nayo, ila yalibandikwa kwenye ukuta wa kiwanda cha sukari. Bwana afya akamtoboa Sikudhani kidole, akatazama kipimo, akamwambia, "Mama, una sukari."

Kantini nzima ilicheka. Sikudhani akauliza ni nani hapa Lukindo asiye na sukari, maana yeye anazo kilo kumi chini ya kitanda. Hata bwana afya alicheka. Akampa karatasi ya kwenda kliniki, akamgeukia anayefuata. Karatasi ile Sikudhani alifungia vitumbua.

Wale watatu nao walisikia maneno yaleyale, kila mtu kwa sikio lake.

Mwajabu alishika yote. Presha ilimpata kwenye mimba ya pekee aliyowahi kubeba. Mtoto hakuishi, presha ikabaki. Alikula mboga bila chumvi, akazunguka uwanja wa mpira kila alfajiri huku watoto wa shule wakimwigiza, na hakuruka kidonge hata siku moja. Figo zikafa vilevile. Daktari alimwambia hutokea. Ikawa kila Jumanne na Ijumaa anapanda gari kwenda hospitali ya mkoa kusafishwa damu kwa mashine, kwa michango ya watu wa msikitini, na michango hiyo ilikuwa imeanza kuchoka.

Masunga alishika nusu. Alipogundulika ana kisukari alipunguza ugali, akaacha soda, akameza vidonge mwaka mzima. Lakini kwenye mazoezi aliona anadhihakiwa, kwani mtu anayekata miwa tangu kuche mpaka jioni mnamtaka akimbie kwenda wapi? Mwili ulipomkaa vizuri akasema miwa ndiyo dawa yake, akaacha vidonge. Kikamtoka kidonda unyayoni, na hakukisikia, kwa kuwa kisukari huua hisia za mguu kabla ya kuua mguu wenyewe. Wakamfunga bandeji na kumkataza kuukanyagia mguu ule kwa miezi miwili.

Sadala hakushika hata neno moja. Alivuta ile sigara ya kuchaji, yenye harufu ya embe. Muuzaji alipomwambia si moshi bali ni mvuke, aliipokea kwa mikono miwili. Utotoni, kila alipopata mafua, mama yake alimfunika shuka na kumfukiza kwa majani ya mchaichai na mwarobaini, na asubuhi aliamka mzima. Mvuke ni dawa, alisema Sadala, ni wapi mmeona mvuke ukiua mtu? Baada ya miaka sita mapafu yalikuwa yamekwisha. Tarumbeta ikatundikwa ukutani. Daktari akamwonya kwamba pumzi iliyobaki ni akiba, aitumie kwa kutembea na kulala tu.

Ikaja Jumanne moja ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne na maji yalikuwa yakipanda darajani. Mwajabu alishavaa, kikapu mkononi, gari linapiga honi kule barabara kuu. Kufika mbele ya mlango wa Sikudhani, pua ikamsimamisha. Ilikuwa harufu tamu ya kutia kichefuchefu, ya mapera yaliyooza, na haukuwa msimu wa mapera. Harufu hiyo aliijua. Ndiyo iliyojaa chumbani siku mama yake mzazi alipokata roho kwa kisukari. Aligonga, hakuitikiwa. Gari lilipiga honi mara ya pili, kisha mara ya tatu, kisha likaondoka, maana dereva angechelewa asingepita darajani. Mwajabu alilisikia likiondoka, na mashine yake ikaondoka nalo. Akauvunja mlango kwa mchi. Sikudhani alikuwa sakafuni, anahema mbiombio, macho wazi na hayamwoni mtu. Bila pua ile angeokotwa keshokutwa, amekwisha.

Majirani walipopiga simu kuomba gari la wagonjwa, daraja lilikuwa limekwisha funikwa. Njia iliyobaki ilikuwa ya miguu, kilomita nane katikati ya miwa mpaka daraja la zamani la reli, ambako gari lingezunguka na kuwapokea upande wa pili. Trekta lilijaribu, likazama. Vijana wanne walimbeba kwenye machela, wakateleza, wakamwangusha. Hapo Masunga akasimama kutoka barazani na bandeji yake mguuni. Akasema afungwe mgongoni kwake kwa khanga, kama mtoto. Watu wakamkumbusha kidonda. Akajibu kwamba hakiumi, na alisema kweli, na kutokuuma huko ndiko kulikokuwa hatari yenyewe. Bandeji ilibaki kwenye tope la kwanza. Alikanyaga visiki vya miwa kilomita nane bila kusimama hata mara moja, na alipovuka reli unyayo ulikuwa nyama tupu. Bila miguu ile Sikudhani angefia Lukindo.

Sadala alikuwa ametangulia taratibu tangu trekta lilipozama, ameshika mwavuli na simu ya kuwaelekeza wenye gari. Gari lilikuwa halijafika. Walipomlaza Sikudhani kwenye nyasi, akaacha kuhema. Masunga aliweka sikio kifuani, akasema moyo bado unapiga. Sadala akaweka mwavuli chini, akapiga magoti, akambana pua, akaanza kumpulizia kinywani. Akapuliza, akavuta, akapuliza. Aliyekatazwa hata kupanda ngazi alipuliza nusu saa nzima, na kila pumzi aliyotoa hakuwa na ya kuirudishia. Nesi alipofika na mfuko wa hewa, Sadala alianguka ubavuni mwa mgonjwa, damu mdomoni. Bila pumzi ile gari lingebeba maiti.

Sikudhani alizinduka siku ya tatu. Daktari akamweleza bila kumficha kwamba angekosekana mmoja kati ya wale watatu, sasa hivi watu wangekuwa wanakula ubwabwa wa hitima yake.

Lakini sikilizeni waliyoyapata waokoaji. Barabara ilifungwa mpaka Jumapili, Mwajabu akakosa mashine ya Jumanne na ya Ijumaa pia. Maji yakamjaa mwilini, moyo ukalegea, na msikitini wakamjulisha kwa aibu kwamba mfuko umekauka. Masunga alikatwa vidole vitatu, na weusi ulikuwa ukipanda kuelekea kwenye kifundo. Sadala aliwekwa kwenye mtungi wa oksijeni wa kuazima, na mwenye mtungi alikuwa ameshauulizia. Daktari alisema kila mmoja wao akitibiwa ataishi, na asipotibiwa hatauona msimu ujao wa kuvuna.

Mwezi uleule serikali ikatoa mpango mpya. Kila mfanyakazi mwenye kadi ya bima ataandika mtu mmoja mwenye maradhi ya kudumu, naye atatibiwa kila kitu: mashine, upasuaji, oksijeni. Fomu ilikuwa na mstari mmoja, umeandikwa *Ndugu (mmoja tu)*. Jina likishaandikwa halibadilishwi kwa miaka mitatu. Mwisho wa kuandikisha ni Ijumaa, saa tisa alasiri.

Katika mtaa ule mwenye kadi alikuwa Sikudhani peke yake, maana wakata miwa ni vibarua, na wenye kadi wa mitaa mingine walikuwa na wagonjwa wao.

Mji ukagawanyika. Waliosema Mwajabu walisema hakukosea popote, na kama mtiifu hapewi, nani atatii tena? Waliosema Masunga walisema ana watoto wanne, ukimponya yeye umeponya watano. Kuhusu Sadala wengi walisema ugonjwa wake aliununua mwenyewe dukani. Bibi mmoja akawauliza chai ya Sikudhani nani aliwanywesha kwa nguvu.

Sikudhani alikwenda kwa kila mmoja. Nitawaambia ukweli, alikwenda akiomba Mungu walau mmoja wao amwambie mwandike mwenzangu.

Mwajabu alikuwa amevimba uso hata sauti imebadilika. Alisema, "Mimi nilishika kila kitu, Siku. Kila kitu. Kama kushika hakuna maana, waje wabandue yale mabango yao."

Masunga alimuuliza kwanza kama siku hizi anapata usingizi. Kisha akautazama mguu wake uliofunikwa, akasema, "Dada, watoto wangu wanakula kwa mguu huu. Sina lingine la kusema."

Sadala alisema kwa vipande, akipumzika katikati. "Nimesikia wanasema nilijinunulia. Ni kweli. Lakini mimi nilipokupulizia, sikukuuliza kwanza umekunywa chai ya sukari ngapi."

Sikudhani alitoka pale akalia njia nzima, mpaka wapita njia wakampa pole wakidhani amefiwa. Hakuna aliyekosea kumwambia alichomwambia. Kila mmoja alitaka kuishi, na alikuwa na haki ya kutaka.

Ijumaa alifika dirishani kwa karani saa nane na nusu. Aliomba aandike majina matatu kwa herufi ndogo. Karani akasema mashine itasoma la kwanza na kutupa mengine. Aliomba ajitoe yeye, nafasi yake wapewe wao. Karani akasema kadi isiyo na mwenyewe si kadi. Mwisho akauliza, huku akitumaini sheria imfungie mlango apumzike, kama ndugu hapo maana yake ni ndugu wa damu.

Karani aliitazama fomu mbele na nyuma. "Imeandikwa ndugu, mama. Wa damu haikuandikwa. Ndugu yako unamjua mwenyewe."

Basi mwanamke yule akabaki na kalamu mkononi. Mmoja alimnusa mauti yakiwa mlangoni, mmoja akampa miguu yake, mmoja akampa pumzi yake, na wote watatu humwita dada.

Nimeiuliza hadithi hii sehemu nyingi. Wenye presha humchagua Mwajabu, wenye watoto humchagua Masunga, na wenye siri zao humchagua Sadala. Wapo wanaoniambia wangeichana fomu, au wangeacha wazi. Hao ndio hunipandisha hasira, kwa sababu mstari ukibaki wazi wanakufa watatu, na wewe unakwenda zako nyumbani ukijiona mwema. Wengine huilaumu serikali. Ilaumuni, nami nitawasaidia, lakini kesho. Leo ni Ijumaa, saa tisa kasoro dakika mbili, na karani ameanza kuvuta dirisha.

Je, wewe ungeandika jina la nani?