Meno ya Chuma ya Zimwi

Nani anacheka? Nyamazeni, hadithi imeshafika mlangoni!

Zimwi moja kibogoyo, lisilo na haya, lilimwamuru mhunzi Nakundwa alisubie meno ya chuma ya kutafunia watu. Nakundwa akayeyusha chuma, akayasubu, akayachoma yakawa mekundu, akayazamisha majini.

"Lete!" likafoka zimwi.

"Bado! Ni magumu, lakini yatapasuka. Lazima yapashwe moto tena taratibu, kisha yapoe majivuni."

"Lete!"

"Nimesema bado!"

"Lete, ama nikumeze!"

"Haya, chukua!" Nakundwa akalitupia kwa hasira.

Zimwi likayavaa, likamrukia. Nakundwa akajikinga kwa nyundo. Likaing'ata kwa nguvu zote, meno yakapasuka vipande vipande.

Mpaka leo linakunywa uji. Tena, jitu lile lisilotaka kusubiri, linakaa kimya likingoja uji upoe.