Ndama wa Bibi Aikaeli

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi huitamka methali hii kwa wepesi, kama salamu ya njiani, mpaka siku ufa unapoonekana kwenye nyumba yao wenyewe. Gerson alikuwa mmoja wao.

Gerson alikuwa na ofisi ndogo ya kutengeneza programu za kompyuta mjini Moshi. Alikuwa hodari wa kazi, ila ushauri ulipokuja alitia pamba masikioni. Mwaka huo chama cha wafugaji huko Machame kilimpa kazi ya kutengeneza programu ya kuwakumbusha wafugaji, kwa ujumbe wa simu, siku ya chanjo ya ndigana, ugonjwa wa kupe unaoua ndama. Wa kuikagua programu kabla haijatumika alikuwa Theopista, binti wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa, mpole lakini asiyechoka kuuliza.

"Kaka Gerson, tupande Machame siku moja tu," alisema Theopista kabla kazi haijaanza. "Tuwaulize wafugaji wanafugaje."

Gerson alicheka mpaka akafuta machozi. "Mimi Mmachame niulize habari za ng'ombe? Dada, wewe kaulize habari za miwa!"

Maskini, Umachame wake ulikuwa wa Krismasi: kupanda na gari, kula nyama, kushuka.

Programu ilipokamilika, Theopista alituma ujumbe wa majaribio kwa namba kumi, kisha akapiga simu moja moja kuhakikisha umefika. Namba ya saba ilipokelewa na Kastori, dereva wa lori aliyekuwa kwenye foleni mpakani Holili.

"Umefika, lakini mimi sifugi," alisema Kastori. "Ng'ombe wangu nimemweka kwa shangazi yangu, Bibi Aikaeli, huko Machame. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Yeye anamlisha, anapata maziwa na mbolea, na tulikubaliana ndama wa tatu awe wake. Ndiye huyu aliyezaliwa juzi. Amemsubiri miaka sita, dada."

Theopista alimwomba ampigie shangazi yake ujumbe wa kweli utakapokuja, naye akaahidi. Kisha akaenda mbio kwa Gerson.

"Ujumbe unakwenda kwa mwenye ng'ombe, si kwa anayemlea! Tuongeze namba ya mlezi. Tungeuliza mapema, tungetumia siku moja. Sasa kurekebisha ni siku tano. Kosa hili likiwafikia watu, hesabu yake siijui."

"Uzinduzi ni Jumamosi," alijibu Gerson. "Tutarekebisha baadaye. Mwenye ng'ombe si ana simu? Atampigia."

Siku ujumbe wa kweli ulipotumwa, Kastori alikuwa ng'ambo ya mpaka na laini yake ya Tanzania ilikuwa imezimwa. Daktari wa mifugo alifika kijijini, akachanja, akaondoka. Wakati huo Bibi Aikaeli alikuwa kwenye kihamba chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, akimkatia ng'ombe migomba. Simu yake ya kitochi ilikuwa kwenye pindo la kanga, kimya.

Baada ya majuma machache ndama alivimba tezi, akaanza kuhema kwa shida. Siku ya tatu alilaza kichwa kwenye mapaja ya bibi akafa. Bibi Aikaeli alilia bila kujificha.

Hakuwa peke yake. Nyumba arobaini na tatu zilikuwa zinalea ng'ombe wa watu wengine, na hakuna hata moja iliyopata ujumbe. Chama kilimwita Gerson, naye akapanda na Theopista, wakaanzia kwa Bibi Aikaeli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa kwa nani?"

Gerson alitaja jina la babu yake.

"Kumbe! Wa hapo ng'ambo ya mfereji! Karibuni, kaeni."

Bibi aliwapakulia mtori wa moto, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Gerson aliliweka bakuli magotini. "Bibi, kosa ni langu. Dada huyu aliniambia, nikapuuza."

Bibi Aikaeli alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mjukuu aliyeanguka. "Ungekuja tu kuniuliza, mwanangu. Ningekuambia bure."

Gerson aliinamisha kichwa, machozi yakadondokea kwenye bakuli.

Kuirekebisha programu kulichukua siku tano, kama Theopista alivyosema. Lakini kupita kihamba kwa kihamba, kuchukua namba za walezi na kuomba radhi, kulichukua miezi miwili. Wengine walimfungia mlango, na hao hakuwalaumu. Kastori naye, kwa kuona aibu, aliahidi kwamba ndama atakayefuata atakuwa wa shangazi yake.

Walipomaliza nyumba ya mwisho, Gerson alivuka mfereji na Theopista kwenda kumkatia Bibi Aikaeli migomba. Alipoipeleka bandani, aliiona kamba ndogo ya ndama bado imefungwa kwenye nguzo. Aliishika kwa muda mrefu.

"Uliniomba siku moja tu, Theopista," alisema kwa sauti ya chini.

Theopista alimpokea mzigo wa migomba, wakamlisha ng'ombe pamoja. Gerson hakuhitaji tena kufundishwa maana ya methali ile: usipoziba ufa, utajenga ukuta.