Nyayo Kwenye Zege la Mhanga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmeshinda na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni, watoto mbele, na ninyi watu wazima mlioegemea ukuta msijifanye hamsikilizi.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mji wao. Upande huu soko, upande ule kisima. Katikati vumbi tupu. Basi Nyati, mwenyekiti wa mji, akasema, "Hapa katikati tujenge uwanja. Uwe wa wote, mkubwa na mdogo."

Wakaitwa watatu. Korongo akaitwa achore, kwa kuwa anaruka na kuuona mji mzima. Buku, yule panya mkubwa, akaitwa apime, maana yeye ndiye mhandisi. Mhanga, yule mnyama mchimba mashimo, akaitwa ajenge. Huyo ndiye fundi. Kuchimba yeye, kumwaga zege yeye. Mwiko wake aliachiwa na baba yake, na baba yake aliachiwa na babu.

Nyati akamwambia mbele ya wote, "Fundi, siku ya ufunguzi wageni wanatoka miji mitatu. Nikikuta unyayo mmoja tu kwenye sakafu yangu, mwiko huo utaniachia mimi. Na ufundi uuache."

Mhanga akaukaza mwiko mkononi. "Sawa, Mwenyekiti."

Kazi ikaanza. Mhanga akamwaga zege, akalainisha, huku akiimba:

Chwaa, chwaa, lainika,
Mwenyekiti anafika!

Jioni sakafu inang'aa. Asubuhi anakuja, lo! Nyayo. Nyayo ndogo, nyingi, zimekata katikati, kutoka soko mpaka kisima. Akabomoa. Akamwaga upya. Chwaa, chwaa, lainika.

Kesho yake, nyayo. Palepale.

Akabomoa. Akamwaga upya. Chwaa, chwaa. Kesho yake tena, nyayo! Sasa mikono inamuuma, saruji inakwisha, na siku ya ufunguzi inakaribia. Mhanga akaogopa, jamani. Akaogopa kweli.

Alfajiri ya nne akajibanza nyuma ya rundo la mchanga. Akasikia, tip tip tip tip. Akachungulia. Mama Kanga, ndoo kichwani, na vifaranga tisa nyuma yake.

Mhanga akaruka. "Kumbe ni wewe! Mama Kanga, nimekukosea nini? Unataka ninyang'anywe mwiko?"

Mama Kanga akatua ndoo. "Shikamoo kwanza, Bwana Fundi."

Mhanga akaona haya. "Marahaba, mama."

"Nipite wapi? Njia yenu mmeizungusha kule pembeni, kwenye mikokoteni ya punda. Siku mlipoanza kazi nilipita huko. Nilikwenda na vifaranga kumi na mmoja." Akawatazama wanawe. "Wahesabu."

Mhanga hakuhesabu. Alikwishawaona ni tisa. Akampisha, akasimama pale na mwiko wake, moyo mzito.

Akazilainisha zile nyayo, akaenda kwa Buku. Buku akasema, "Mimi napima uzito, fundi. Sakafu itabeba hata tembo wawili. Mambo ya nani apite wapi, muulize aliyechora."

Akaenda kwa Korongo. Korongo akakunjua mchoro wake. "Katikati pabaki safi, njia izunguke. Ukitazama kutoka juu, panapendeza kama sahani."

"Na kutoka chini?"

"Chini sijatazama. Mimi naruka."

Mhanga akampa ndoo. "Basi leo usiruke. Toka sokoni, nenda kisimani, rudi na maji. Mara tatu. Kwa miguu."

Buku, aliyemfuata nyuma, akacheka. Korongo hakupenda kuchekwa, akaichukua ndoo. Safari ya kwanza akazunguka. Mkokoteni ukapita, vruu! maji yakamwagika. Safari ya pili akazunguka. Punda akamsukuma mtaroni. Safari ya tatu miguu inauma, ndoo nzito, jua kali. Korongo akatazama huku, akatazama kule. Akakata katikati. Pwata, pwata, pwata, juu ya zege bichi!

Alipofika kati akasimama. Akaangalia nyuma. Nyayo zake mwenyewe, kubwa, vidole vimetanuka.

"Fundi," akasema polepole, "futa."

"Nifute nini? Leo ndiyo umechora."

Siku ile Korongo akachora upya. Njia ikanyooka kutoka soko hadi kisima, katikati ya uwanja. Buku akapima. Mhanga akapanga mawe kandokando, na viti huku na huku. Lakini walipomaliza kubishana na kupima, zile nyayo za Korongo zilikuwa zimekauka, na saruji imekwisha. Zikabaki.

Siku ya ufunguzi ikafika. Ngoma, wageni, vumbi la kwato. Nyati akaingia uwanjani na shingo yake nene ya majivuno. Akatazama chini. Ngoma ikanyamaza.

"Nyayo hizi ni za nani?"

Buku akatazama mbinguni. Mhanga akautoa mwiko wake, akaushika mara ya mwisho, akaunyoosha kumpa Nyati.

"Ni zangu, Mwenyekiti," akasema Korongo. "Fundi hana kosa. Nilichora uwanja mzima bila kuukanyaga. Siku niliyoukanyaga, nilipita hapo."

Nyati akavimba. Akafungua kinywa angurume. Mara, tip tip tip tip! Mama Kanga na ndoo yake, vifaranga tisa nyuma, wanatoka sokoni kwenda kisimani. Habari za sherehe hawana. Wakamfikia Nyati katikati ya njia, wakasimama.

"Hodi, Mwenyekiti," akasema Mama Kanga. "Tunapita."

Wageni wa miji mitatu wanatazama. Nyati akatazama vifaranga, akatazama nyayo. Akasogea pembeni.

Wakapita. Wote tisa.

"Fundi," akasema Nyati, "rudisha mwiko wako mfukoni."

Basi, mafundisho yake ni haya: anayejengea wengine, kwanza atembee njia yao kwa miguu yake. Na akikosea, aseme ni yeye, asimwachie fundi lawama.

Hadithi yangu imeishia hapo, kisimani. Mwenye kiu na anywe.