Fisi Alipooneshwa Nyumba Nzuri

Hapo zamani za kale, mashimo yalipokuwa tayari na bei kama leo, aliishi Bi Nguchiro, mnyama mdogo mwembamba, mwenye maneno marefu kuliko mkia wake. Kiboko alikuwa amelikanyaga shimo lake, puu! na hata pole hakutoa. Bi Nguchiro akawa analala majanini na watoto wake wanne, na masika yalikuwa yananukia.

Mashimo yote ya bonde lile yalikuwa ya Mzee Muhanga, maana ndiye mchimbaji. Lakini kwa Muhanga huendi hivi hivi. Unapitia kwa dalali, na dalali alikuwa Fisi.

Fisi alichukua paja la nyama kwa kukuonesha shimo tu. Ulipende, usilipende, paja limekwenda. Wanyama wakachoka, wakamshitaki kwa Mama Tembo, mkuu wa baraza. Fisi alipoona kesi inamwelemea, akalia machozi mengi akaomba suluhu. Mama Tembo akaisoma mbele ya watu wote:

"Kuanzia leo, dalali hatachukua kitu kwa mtafuta shimo, isipokuwa mtafuta shimo mwenyewe, kwa hiari yake, ameweka unyayo kwenye gome la mapatano kabla ya kuoneshwa."

Vigelegele! Ngiri alicheza mpaka mkia ukasimama wima. "Mashimo sasa bure, jamani! Bure!"

Bure ya wapi? Kesho yake Mzee Muhanga akapandisha kodi kwa vikapu viwili vya mchwa. "Si mmepona kwa Fisi?" alisema. "Basi mnacho, leteni."

Naye Fisi akatokea na furushi la magome kwapani, na Ngiri na wenzake wakayawekea nyayo bila kuyasoma.

Bi Nguchiro akamwendea. "Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Weka unyayo hapa."

"Mh! Salamu haijapoa, unataka mguu?" Akalichukua gome, akasoma. "Anayeoneshwa atatoa mapaja mawili, apende asipende. Mawili! Kabla ya suluhu si lilikuwa moja?"

"Kabla ya suluhu nilikuwa nakunyang'anya, mama. Sasa unatoa kwa hiari yako."

"Mimi nala nzige na mijusi, paja nitalitoa wapi?"

"Basi kalale majanini. Majani hayana dalali. Hi-hi-hiii!"

Bi Nguchiro akaondoka kwenda kuwatafutia watoto chakula. Jioni ile alikuwa akimfukuza mjusi nyuma ya kichuguu kikubwa. Mjusi akapenya kwenye magugu, naye nyuma yake, fyuu! Akajikuta ndani ya chumba kipana, kikavu, chenye mlango wake. Ukutani palikuwa na upenyo mwembamba. Akachungulia. Akamwona Bi Fisi anachemsha mifupa.

Kumbe hapo ni nyuma ya nyumba ya Fisi! Tangu apangishwe, Fisi hakuwahi kufika chumba kile. Tumbo lake lilikomea sebuleni. Na dalali yeye husifia nyumba akiwa mlangoni, mambo ya ndani hayamhusu.

Siku tatu Bi Nguchiro alifyeka magugu, akafagia, akakandika mlango kwa udongo mwekundu. Halafu akaenda kukaa njia panda ya mtoni, akawa anajisemea kwa sauti: "Nyumba kama ile! Harufu ya mifupa mpaka ukutani!"

Fisi alikuwa akipita, masikio yakamsimama. "Nyumba gani, mama?"

"Aa, haikufai. Wewe ni mtu mkubwa."

"Mkubwa ndiye anayefaa! Anakaa nani humo?"

"Bwana mmoja mlafi. Anakaa ndani yake na hajui ina vyumba vingapi."

"Hi-hi-hiii! Mjinga huyo! Wapangaji wa namna hiyo ndio ninaowataka. Nioneshe!"

"Na suluhu je?" Bi Nguchiro akatoa gome. "Unyayo kwanza, Bwana. Usome vizuri lakini."

"Mimi nisome? Kusoma kazi ya wateja. Hii ndiyo kazi yangu, mama, nimezaliwa nayo!" Akachovya mguu kwenye tope, pwaa! juu ya gome. Ngiri na wenzake waliokuwa wakinywa maji hapo wakaona, wakafuata nyuma kutazama sinema.

Bi Nguchiro akamzungusha Fisi mabondeni mpaka akatweta, kisha akamfikisha kwenye mlango mwekundu. Fisi akaingiza kichwa na mabega.

"Lo! Harufu hii! Najisikia kama niko kwetu kabisa!"

"Umeipenda?"

"Nimeipenda! Wote mmesikia, nimeipenda!" Akajikokota mpaka ukutani, akasukuma kichwa kwenye upenyo aone upande wa pili.

"Mwizi!" Mwiko wa Bi Fisi ukatua puani, paa! "Mwizi ukutani! Eh, baba watoto? Unatokea ukutani kama panya, mlangoni kuna nini?"

Vicheko vilivyopigwa pale, mpaka leo Ngiri ana kwikwi.

Fisi akakimbilia barazani, pua imevimba. "Mama Tembo, nimetapeliwa! Kanionesha nyumba yangu mwenyewe!"

Mama Tembo akasoma gome. "Anayeoneshwa, akipenda, atampa aliyemwonesha chumba cha nyuma cha nyumba anamokaa, masika yote. Unyayo ni wako?"

"Wangu, lakini sikusoma!"

"Ulilazimishwa?"

"Hapana, lakini..."

"Sawa. Nikisema kutosoma kunalivunja gome hili, basi magome yote uliyowawekesha wenzako unyayo yamevunjika pia, maana nao hawakusoma. Chagua."

Fisi akayahesabu mapaja kichwani, mate yakamtoka. "Gome... gome linashika," akasema kwa sauti ndogo.

"Na sisi je?" Ngiri akapayuka. "Bi Nguchiro, dada yetu, mbona hukututetea?"

"Niwatetee nini? Mlicheza ngoma ya suluhu bila kuisikiliza, mkaweka miguu bila kusoma. Fisi naye hakusoma. Ninyi na yeye darasa moja, tofauti yenu matumbo."

Akaenda akauziba mlango kwa mawe, akabakiza tundu la kumtosha yeye na wanawe. Usiku ule ule mvua ikashuka, shaaa! Ngiri, aliyeshindwa na kodi ya Muhanga, alikuwa nje, Bi Nguchiro alikuwa ndani, na Fisi alikuwa sebuleni kwake akisikiliza watoto wanne wa mwenzake wakikoroma ukutani.

Hadithi yangu imefika mlangoni, na funzo lake ni hili: gome lisome kabla hujaweka mguu, na kama hujui kusoma, usijifanye una haraka.