Kigoda Kilichopanda Kilima

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na majiko, mashamba na kesi, nchi nzima ilikuwa na baraza moja tu la kuamua kesi, chini ya mti kule mtoni kwa Hakimu Tembo. Wanyama wakazaana, wakajenga hadi Kilima cha Upupu. Baraza halikusogea hata hatua.

Sheria ilikuwa hii: asubuhi ya kesi, karani Digidigi huita jina mara tatu. Asiyeitika ameshindwa.

Basi Fisi, jirani yake Tembo, akaenda kulitwaa shimo la Bi Kobe kule kilimani, na mayai ya bibi wa watu yamo ndani! Bi Kobe akatembea siku tatu kwenda kushtaki. Akakuta baraza limekwisha.

"Umechelewa!" akanguruma Tembo. "Njoo wiki ijayo. Usipoitika siku hiyo, shimo ni la Fisi."

"Hihihiii! Shangazi, anza kutembea sasa hivi!" akacheka Fisi.

Nami niliwahi kumcheka mama aliyechelewa ibadani, kumbe katoka ng'ambo ya bonde kwa miguu. Mungu anisamehe.

Digidigi roho ikamsuta, maana mwita majina ni yeye.

"Mheshimiwa," akauliza, "hivi baraza ni nini hasa? Ni huu mti?"

"La."

"Ni wewe?"

"Mimi huugua, husafiri. Baraza ni kigoda hiki ninachokalia. Kilipo kigoda, ndipo baraza."

"Ahaa! Mbona mguu wake mmoja unayumba? Nikakitengeneze?"

"Kichukue."

Digidigi akakikaza mguu, kisha akakifunga mgongoni mwa Bi Kobe. Kwata, kwata, kwata, wakashika njia.

"Yalaa! Kigoda kinatembea!" akapiga kelele Ngiri. "Kinakwenda wapi?"

"Kinawafuata wenye kesi," akajibu Digidigi.

Siku ya kesi, Tembo akatoka: kigoda hakuna! Yeye na Fisi wakafuata nyayo, tindi! tindi!, wakafika kilimani jua la utosi, wakihema.

"Nimeita asubuhi mara tatu," akasema Digidigi. "Bi Kobe kaitika. Fisi kimya."

"Lakini njia ni ndefu!" akalia Fisi.

"Eeh? Tangu lini, mwanangu?" akauliza Bi Kobe.

Tembo akaitazama miguu yake iliyovimba.

"Sheria ni yangu," akasema polepole. "Shimo ni la Bi Kobe. Nawe Digidigi, umenichezea."

"Nimekuchezea, mheshimiwa. Nakiri."

"Basi adhabu yako: chonga vigoda viwili. Kimoja kikae hapa, kingine bondeni. Hiki changu nitakibeba mwenyewe."

Akakibeba hadi mtoni, akipumzika kila kona.

Wajukuu zangu, haki ikikaa mbali na mnyonge, huwa mali ya jirani wa hakimu.