Moto Usioonekana Mchana

Hapo zamani za kale, wanangu, katika nchi iliyokuwa imemaliza miti yake, ulisikika usiku mlio mmoja tu: Koh!

Digidigi akafumbua macho. Alikuwa ni mtoto wake, Chausiku. Moshi wa mkaa ulikuwa umemkaa kifuani tangu kiangazi. Mama akamgeuza ubavu, akasikiliza. Kimya. Lakini usingizi haukurudi, na kulipopambazuka alikuwa amechoka kama aliyeshinda akilima.

Jina la mama huyo? Ngojeni. Lilikuwa limepigwa marufuku.

Nchi ile ilikuwa na desturi: kila anayewasha jiko hutaja kwanza aliyempa moto. "Moto wa Mama Nyani!" Ndipo anateleka sufuria. Moto usio na jina, hakuna aliyekubali kula chakula chake.

Mfalme Tembo alipoona misitu inakwisha, alitangaza: "Atakayetoa moto kwenye maji, Serikali itamshika mkono! Itampa sahani za kunasa jua, itampa mitungi, na moto wake itaupeleka kila nyumba!"

Digidigi akautoa. Aliazima sahani moja ya jua, akaiunganisha na mtungi wa maji kwa nyaya mbili. Bwu! Bwu! Bwu! Maji yakatoa mapovu, hewa nyepesi ikapanda, ikapita kwenye bomba, ikawaka bila moshi hata chembe. Akashika funiko juu yake, likatoka jasho. Moto ule ulikuwa unarudi kuwa maji!

Akaubeba mtungi hadi kwa Waziri wa Moto, Bwana Kiboko.

"Uache hapa," akasema Kiboko, akapiga mwayo. "Njoo mwakani."

Mwaka ukaja, ukapita. Digidigi akaenda, akarudi, akaenda, mpaka kwato zake zikalika. Mwisho Kiboko akamwambia, "Huu sasa ni moto wa Wizara. Atakayetaja jina lako hatateka maji mtoni kwangu."

Nani anaishi bila maji? Wote wakanyamaza.

Sasa siku ya Mfalme kuja kukabidhi sahani za jua ikakaribia. Zingeenda kwa Kiboko, Chausiku angeendelea kukohoa. Digidigi akajizoa, akaenda tena.

"Wewe kipande cha mnyama, umerudi?"

"Nimekuja kupangusa mtungi, Mheshimiwa. Mfalme asiukute na vumbi."

"Haya, pangusa. Kisha upotee."

"Sherehe ni saa ngapi, Mheshimiwa?"

"Jioni, kukipoa."

"Jioni! Jua la utosini ndilo lenye nguvu. Weka saa sita, Mfalme ashangae."

Ho! Ho! Ho! Kiboko akacheka hadi tumbo likatikisika. "Kumbe hata kidudu kina akili! Saa sita!"

Hakuona kwato ndogo zikibadilisha koki ya bomba la mtungi. Koki zote za nchi ile zilifungwa kwa kulia. Hii sasa ilifungwa kwa kushoto.

Saa sita ikafika. Tembo akakaa, watu wakajaa, sahani za jua zikapangwa zikimetameta. Kiboko akaizungusha koki huku na huku hadi hewa ikatoka, akapiga kiberiti. Pu! Ukawaka. Ila moto ule una rangi hafifu mno, na kwenye jua kali hauonekani kabisa.

"Mbona hauwaki?" akauliza Tembo.

"Unakuja, Mtukufu!" Akapiga kiberiti kingine, na kingine.

"Waziri anapika kivuli!" akapayuka Ngiri, na watu wakaangua kicheko.

Kiboko akainama achungulie bombani. Tsss!

"Yalaa! Sharubu zangu!" Akashika koki, akaikaza kulia kwa nguvu zake zote. Fffuuu! Moto ukazidi, ukadaka joho lake la uwaziri.

"Zima moto wako, Waziri," akasema Tembo, akirudi nyuma.

"Ha-hauzimiki!"

Digidigi alikuwa ameketi pembeni, Chausiku mapajani. Hakucheka. Kicheko nacho kinataka nguvu.

"Nizime mimi, Mheshimiwa? Kwani moto huu ni wa nani?"

"Wa Wizara!"

Fffuuu!

"Basi Wizara iuzime."

Koh! Chausiku akakohoa, na vicheko vyote vikakatika. Tembo akainua mkonga. "Desturi ni desturi. Taja aliyeuleta moto huu. Huyo ndiye atakayeuzima, na huyo ndiye mwenye sahani hizi."

Wanangu, anayejitwalia kazi ya mwenzake hukumbuka ni ya nani siku inapomuunguza. Kiboko aliangalia kulia, akaangalia kushoto, joho likifuka. Kisha akapiga magoti mbele ya zile kwato zilizolika, akalia kwa sauti iliyosikika hadi mtoni:

"Moto wa Kidawa!"